Kina Bibi Harusi Sikio la Kushoto

Nilirudi Malindi na mikoba miwili, mmoja wa nguo na mwingine wa nyaya, na ule wa nyaya ndio uliokuwa mzito. Kwa miaka mingi nilikuwa nikizunguka na bendi za hoteli, Diani, Unguja, Nairobi, Arusha, kazi yangu kuunganisha vyombo na kukaa nyuma ya meza ya sauti, ile yenye vitufe vingi ambayo watoto wa wageni hudhani ni ya rubani. Kila nilipofika pageni niliapa kwamba sasa nimefika. Haukupita muda nikaanza kukumbuka nilikotoka. Safari hii nilikuwa Arusha, asubuhi ya baridi, mbele yangu chai na mkate mkavu, nikakumbuka mahamri ya dada yangu pale Shella. Wiki haikuisha nikawa mlangoni kwake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda. Ingia, na ukimsalimia shemeji yako pandisha sauti, siku hizi hasikii."

"Nasikia!" shemeji akajibu kutoka uani.

"Wasikia nikipiga kelele. Nikisema kama watu, wewe ni ukuta."

Shemeji ni mpiga gita. Bendi yake ni ndogo: yeye mwenyewe, mpiga besi, mpiga ngoma, na mama mmoja wa kayamba ambaye akilitikisa lile kayamba lake hata waliokuja kula tu husimama. Wanapiga harusi, kuanzia Malindi hadi Kilifi na juu huko milimani Kaloleni. Lakini hawapigi kama bendi za hotelini nilizozizoea, zenye nyimbo zao zilizopangwa kwa zamu. Wao huokota nyimbo kwa watu. Katika harusi zetu kina bibi harusi hukaa upande mmoja na kina bwana harusi upande wa pili, na wanawake wa pande hizo mbili hutaniana kwa nyimbo walizozitunga njiani. Upande mmoja ukianzisha, shemeji huusaka ule wimbo kwenye nyuzi, akiupata husogea mbele, huinamisha shingo ya gita kuelekea kwa walioimba, na kuwapigia. Hiyo huitwa kuwapa gita. Upande uliopewa gita hucheza, ule mwingine hukaa na kutafuta jibu. Kumpa gita asiyeimba ni sawa na kumpelekea sahani ya pilau mtu asiyealikwa mbele ya mwenye harusi.

Dada yangu mwenyewe aliolewa kwa njia hiyo. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza sekondari, harusi ilikuwa ya binamu yetu, na dada akaanzisha wimbo wa kumcheka mpiga gita kwa kuvaa suruali fupi. Shemeji, ambaye hatukumjua, akausaka, akaupata, akasogea na kumpa gita kwa wimbo wa kujichekea mwenyewe. Miezi ikapita, posa ikaletwa. Suruali ilikuwa ile ile.

Sasa masikio yake yalikuwa yanapiga mluzi. Tangu ujana alisimama katikati ya spika: mbele ya ngoma, ubavuni mwa besi, na miguuni spika ya kujisikilizia ambayo kila mwaka aliipandisha kidogo ili aishinde ile ya mwenzake. Kila baada ya harusi mluzi ulimfuata nyumbani, na daktari wa masikio kule Kilifi alimwambia kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki bado chaweza kulindwa. Dada alisikiliza maneno ya daktari kwa makini kuliko mgonjwa.

"Nimempa harusi moja," akaniambia jikoni, bila kupunguza sauti, kwa kuwa hakukuwa na haja. "Hiyo ya Matsangoni ameshaahidi, si uungwana kuivunja. Asubuhi yake nitamsemesha kutoka hapa nilipo, kwa sauti hii hii. Akinisikia, apige mpaka azeeke. Asiponisikia, gita laenda juu ya kabati."

"Amekubali?"

"Alitikisa kichwa. Sijui kama alisikia nilichomwambia."

Alikuwa amesikia. Jioni ile nilimkuta uani amelipakata gita bila kulipiga, akifuta nyuzi kwa pembe ya kikoi, na kabla sijakaa akaniuliza, "Ndani ya mkoba wako huo wa nyaya hamna dawa?"

Ilikuwamo. Nilikuwa nimenunua kwa mwanamuziki mmoja aliyeacha kazi kile chombo ambacho wapigaji wa hotelini hutumia badala ya spika za miguuni. Ni vitu vitatu tu: kisanduku cha kurusha sauti kinachounganishwa na meza yangu, kipokezi kinachofungwa kiunoni, na visikilizi viwili vidogo vyenye mpira laini, vinavyoziba masikio kabisa. Kelele za nje hubaki nje. Kinachoingia ni kile tu ninachomtumia, kwa kiasi ninachotaka. Spika zote zinazomzunguka zinaweza kuzimwa, na yeye akasikia gita lake kama analipiga chumbani.

Tulijaribu uani, bendi nzima imejipanga chini ya ukuta, mimi nimekaa na meza yangu ubavuni mwao kwa kuwa hapakuwa na nafasi pengine. Mara ya kwanza niliunganisha kwa haraka, sauti zote pamoja, sikio hili na hili kitu kimoja. Shemeji alipiga kidogo akakunja uso.

"Wamejaa wote katikati ya kichwa," akasema. "Besi amemkalia mama wa kayamba, na mimi niko chini yao."

"Nani kanikalia?" mama wa kayamba akauliza.

"Huyu hapa."

"Mwambie ashuke, mimi mke wa mtu."

Shemeji akachomoa kisikilizi kimoja ili apate hewa, na kwa kuwa sikio lililobaki sasa lilikuwa likifanya kazi peke yake, akapeleka mkono kiunoni na kukiongeza sauti kipokezi. Nikamshika mkono. Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Huchomoa kimoja, huongeza kingine, na lile sikio moja hupata mateso ya mawili.

Ndipo nikampangia kama ipasavyo, kushoto na kulia. Nikatoa njia mbili kwenye meza badala ya moja. Mpiga besi husimama kulia kwake, nikamsogeza kidogo upande wa kulia. Mama wa kayamba yuko kushoto, nikampeleka kushoto. Ngoma nikaziacha nyuma katikati, kwa kiasi. Gita lake nikaliweka kati pia, lakini mwangwi wake nikautandaza pande zote mbili, ili ajisikie yuko mahali penye nafasi. Nikaweka na kizuizi, sauti isipande kupita alama hata mtu akiangusha maikrofoni. Kisha nikamwambia apige tena.

Alipiga, akafumba macho. Baadaye akaanza kucheka peke yake.

"Shemeji," akasema, "kila mtu kakaa kwake. Na katikati nimebakishiwa kiti."

Tena alisema kwa sauti ndogo. Sijui kama mwenyewe alitambua. Mtu anayepigwa mluzi masikioni huongea kwa kupaza, na kwa siku zote tangu nifike nilikuwa sijamsikia akiongea kama mtu aliye chumba kimoja nawe. Dada alitokeza kichwa dirishani, akatazama, akarudi ndani.

Palibaki tatizo moja, na ni yeye aliyelisema. "Nawasikia wenzangu vizuri. Lakini watu je? Nikiziba masikio, kina mama nitawasikiaje?"

"Hutawaona?"

"Harusini kila mtu mdomo wazi. Huyu anaimba, huyu anacheka, huyu anatafuna. Mimi huokota kwa masikio, macho nimefumba."

Hotelini sikuwahi kuulizwa swali hilo, kwa sababu wageni wa hotelini hawaimbi, wanapiga makofi tu mwishoni. Nikafikiri, nikamwambia tutatundika maikrofoni mbili kwenye nguzo za hema, moja juu ya kina bibi harusi, moja juu ya kina bwana harusi, na kila moja nitaipeleka kwenye sikio la upande wake. Akifumba macho atajua wimbo umetoka wapi, kama vile hakuziba kitu.

"Ukifanya hivyo," akasema, "nakupa binti yangu."

"Mimi mjomba wake!"

"Basi nakupa kuku."

Siku ya harusi tulifika Matsangoni asubuhi. Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba ya kina bwana harusi, si mbali na barabara kuu, hema kubwa la mistari, jukwaa la mbao upande mmoja. Nikaweka meza yangu mwisho wa hema, uso kwa uso na jukwaa, kama nilivyozoea hotelini, ili nisikie wanachosikia watu. Nikapanda ngazi na kutundika zile maikrofoni. Kina bibi harusi walikuwa wamepangiwa viti vilivyokuwa mkono wangu wa kulia, kwa hiyo maikrofoni yao nikaipeleka kulia. Kina bwana harusi mkono wangu wa kushoto, nikaipeleka kushoto. Nikateremka nimeridhika kabisa, nikaenda kunywa chai.

Kina bibi harusi walitoka Kaloleni kwa mabasi mawili, na waliposhuka walikuwa tayari wanaimba. Aliyewaongoza alikuwa shangazi wa bibi harusi, mwanamke mnene wa leso nyekundu, ambaye kutembea kwake tu kulikuwa na mdundo. Wakakaa, wakapewa maji, wakanywa. Shangazi akaweka bilauri chini na kuanzisha:

"Mtoto wetu hajazoea maji ya chumvi, Matsangoni chimbeni kisima kwanza!"

Wenzake wakaitikia, hema likacheka. Jukwaani shemeji alifumba macho, akausaka wimbo, akaupata upesi kama zamani. Nilimwona anatabasamu. Akasogea mbele, akainamisha shingo ya gita, na akawapa kina bwana harusi.

Kina bwana harusi hawakuamini bahati yao. Wakasimama kwa vigelegele na kuucheza wimbo wa kutukanwa wao wenyewe, tena wakageuza maneno hapo hapo: "Kisima kipo, kamba ndiyo hatuna, leteni ya Kaloleni!" Upande wa pili walikaa na leso zao mapajani.

Nikadhani ni bahati mbaya. Labda mtu alimpungia mkono. Shangazi naye nadhani aliwaza hivyo, kwa sababu alisubiri, akajaribu tena, safari hii kwa sauti ya kuamsha kijiji:

"Bwana harusi mpole, mama yake je? Twauliza tu, mama yake je?"

Shemeji akafumba macho, akautafuta, akaupata, akasogea, na akampa gita mama yake bwana harusi.

"Gita limehongwa!" mtu akapiga kelele kutoka kulia kwangu.

"Limehongwa!" wakaitikia wote, na hilo nalo likawa wimbo, na shemeji, maskini, akiwa amefumba macho, akaanza kuusaka.

Mpiga besi alimgusa bega. Shemeji akafumbua macho na kuona kina mama wa Kaloleni wamesimama juu ya viti. Aliutazama upande ule, akautazama upande mwingine, na uso wake ukaniuma, kwa sababu haukuwa wa mtu aliyekosea wimbo. Ulikuwa wa mtu aliyeambiwa na daktari kitu, na sasa anaona kimetimia. Akapeleka mkono sikioni. Nilijua kinachofuata. Atachomoa vyote, ataomba ile spika ya miguuni iwashwe, na mpaka magharibi mluzi utakuwa umerudi, na asubuhi dada atasema neno jikoni na lisijibiwe.

Nilianza kukimbia kuelekea jukwaani nikipita katikati ya sahani. Shangazi alinitangulia.

"Kijana," akamwambia shemeji, mtu mwenye mvi, "toa hizo pamba masikioni unisikie."

"Shikamoo, shangazi. Si pamba. Ni za kusikilizia."

"Marahaba. Za kusikilizia, na husikii? Hebu lete."

Akavichukua mwenyewe. Waya ulikuwa bado umeshika kiunoni mwa shemeji, kwa hiyo ikabidi wasimame karibu karibu kama maharusi wa pili, jambo ambalo halikupita bila kusemwa na watu. Shangazi akafunua leso, akachomeka kimoja huku, kingine huku, akageukia watu. Kisha akapanua macho.

"Aah! Niko ndani ya redio!" akasema kwa sauti ya juu mno. Akawapungia wenzake wa Kaloleni, waliokuwa kushoto kwake. "Imbeni! Imbeni niwasikie!"

Wakaimba limehongwa. Shangazi akageuka mzima mzima kutazama kulia, kwa kina bwana harusi, akiwa amekunja uso. Kina bwana harusi walikuwa wamefunga midomo. Akageuka tena kushoto, akawaona wake wanaimba. Akarudi kulia.

"Mbona watu wangu," akaniuliza mimi niliyekuwa nimefika nikihema, "nawasikia wamekaa kwa wakwe?"

Nilipanda jukwaani nikasimama ubavuni mwake, nikatazama anakotazama. Kina bibi harusi walikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa jukwaa. Uani kwa dada nilikaa ubavuni mwa bendi, tunatazama upande mmoja, kushoto kwao ni kushoto kwangu. Hapa nilikaa mwisho wa hema nikiwatazama usoni, na hizi maikrofoni mbili nilizipanga kwa mikono yangu badala ya yao. Besi na kayamba vilikuwa kwao sawasawa tangu Shella, ndiyo maana shemeji hakushuku lolote. Watu tu ndio niliokuwa nimewahamisha.

"Shemeji," nikamwambia, "masikio yako mazima. Nimekugeuzia watu."

Hakuelewa mara moja. Shangazi ndiye aliyeelewa. Akakamata maikrofoni ya shemeji, akatangazia hema lote, "Jamani, gita halikuhongwa! Huyu fundi hajui mkono wake wa kulia!" Hema likalipuka. Mama wa kayamba akalitikisa kayamba lake mpaka nikadhani litapasuka. Nilirudi kwenye meza yangu nikisindikizwa na ushauri, wengine wakininyooshea mikono waliyokuwa wakilia pilau na kunieleza kuwa wa kulia ndio huo. Nikachomoa nyaya mbili, nikazibadilisha mahali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote.

Shangazi hakurudisha visikilizi mpaka alipohakikisha. Aliwaimbisha wa Kaloleni, akaonyesha kushoto. Akawaimbisha wa Matsangoni, akaonyesha kulia. Kisha akavifuta kwa leso, akamvalisha shemeji kwa mkono wake, akashuka, akakaa kitini, na akaanzisha ule wa mama yake bwana harusi tangu mwanzo, kwa kuwa haukuwa umehesabiwa.

Shemeji alifumba macho. Alichukua muda mrefu kidogo kuliko kawaida, au mimi ndiye niliyeuona mrefu. Kisha akasogea, gita likainama kushoto, na Kaloleni nzima ikasimama.

Aliwapigia mpaka alasiri, mara huku mara huku, na hakukosea tena. Kina bwana harusi walipoanzisha kwamba wageni wameshuka mlima na vumbi, waoge kwanza ndipo wale pilau, gita liliwafikia kabla hawajamaliza mstari. Spika ya miguuni ilikaa imezimwa na mtu akaweka sinia juu yake. Mara moja tu alipeleka mkono kiunoni kwenye kipokezi, nikainuka kitini, nikaona anapunguza.

Kuku alipatikana pia, lakini alitoka kwa shangazi. Alisema ni wa shemeji kwa kazi nzuri, na miguu miwili ya kuku ni yangu, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, nijifunze.

Asubuhi niliamka mapema nikaenda kukaa jikoni, kwa sababu nilitaka kuwapo. Dada alikuwa anakaanga mahamri. Shemeji alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo, anafungua nyuzi kuukuu za gita. Katikati yetu kulikuwa na mlango ulio nusu wazi na mafuta yanayochemka. Dada aliyatazama mafuta, akapunguza moto. Hilo lilinipa moyo. Asingependa ashinde, asingepunguza moto.

Nilidhani atamwita. Badala yake alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, "Miaka yote hii, na suruali bado fupi."

Uzi mmoja ukalia wakati unalegezwa.

"Ulinipenda nayo," shemeji akasema, bila kugeuka.

Dada aligeuza andazi, akaligeuza tena ingawa lilikuwa tayari. Kisha akaniambia nitazame mafuta, akaingia chumbani, nikamsikia anasogeza vitu. Kumbe jana, tulipokuwa Matsangoni, alikuwa ameshasafisha nafasi juu ya kabati, akateremsha kila kilichokuwako ili gita lipate pa kulala. Sasa alikuwa anavirudisha. Nilipochungulia nikaona anapandisha sanduku la mashuka, kisha, nyuma kabisa, penye kuhitaji ngazi kupafikia, akasukumiza mkoba wangu wa nguo.

"Dada, huo ni wangu. Nilikuwa nafikiria mwisho wa mwezi nipite Unguja."

"Fikiria," akasema, akipangusa mikono. "Jumamosi wana harusi Kaloleni. Nani atakwenda kumpangia, yule mpiga besi? Rudi kwenye mafuta, yanaungua."

Yalikuwa yanaungua kweli. Nilikimbia, nikaokoa nilivyoweza, na uani shemeji alikuwa amekwisha funga uzi wa kwanza mpya, anaukaza taratibu, sikio lake karibu na mbao.